Cheti cha mtumaji wa barua pepe kwa wingi: mwongozo kamili kuanzia ridhaa hadi ukaguzi

Hoteli ya Zanzibar yenye wageni wengi wa Kijerumani, kampuni ya utalii ya Arusha, taasisi inayowatumia wafadhili wake jarida kila mwezi: yeyote kati ya hao anaweza kuandika barua safi, akamtumia mtu aliyeiomba mwenyewe, na bado ikaishia kwenye barua taka. Seva ya upande wa pili haina namna ya kujua kwamba mtu huyo aliiomba. Vyeti vya watumaji viliundwa kuziba pengo hilo. Chombo huru kinamkagua mtumaji, kisha kinawajulisha watoa huduma wa barua pepe kwamba huyu huwaandikia waliokubali tu, na akivunja masharti yupo wa kumwajibisha.

Mwongozo huu unafuata zaidi mfano wa Certified Senders Alliance, kwa kifupi CSA, iliyoanza mwaka 2004 nchini Ujerumani chini ya eco, chama cha sekta ya intaneti chenye makao Köln, kikishirikiana na DDV, chama cha masoko ya moja kwa moja. Masharti yake yako wazi na yanafuata sheria kali, kwa hiyo ukiyatimiza hutapata shida sana kwingineko. Upo pia mpango wa Validity ya Marekani, uliorithiwa kutoka Return Path, ambao chanzo chake ni Bonded Sender ya IronPort: mtumaji aliweka dhamana ya fedha, na malalamiko yalipozidi alikatwa sehemu ya dhamana hiyo. Goodmail nayo ilijaribu kutoza ada kwa kila barua, ikafunga milango mwaka 2011. Ada hulipwa hata leo, lakini hainunui nafasi kwenye kikasha cha mtu. Kinachokaguliwa ni mwenendo.

Kazi ya DNS (mfumo wa rekodi za majina ya intaneti) na seva huisha kwa siku chache. Kinachowaangusha waombaji ni kushindwa kuonyesha, kwa anwani moja moja, lini na wapi mwenyewe alikubali. Ndiyo maana tutakaa hapo muda mrefu zaidi.

Kwanza, jua kama cheti kinakuhusu

Fungua orodha yako, hesabu anwani kwa kikoa, yaani sehemu inayofuata @. Zikiwa nyingi ni za GMX na WEB.DE, watoa huduma wakubwa wa Ujerumani wanaoitumia orodha ya CSA, cheti kina faida ya moja kwa moja. Zikiwa karibu zote ni za Gmail, kama ilivyo kwa orodha nyingi za Afrika Mashariki, elewa kwamba Google haiuzi wala haitambui cheti kama tiketi ya kupita. Inaangalia masharti yake yenyewe na mwenendo wa wapokeaji wako. Hata hivyo maandalizi ni yaleyale.

Jambo la pili ni anwani za IP, namba zinazoitambulisha seva kwenye intaneti. Cheti cha aina hii hufungamana na anwani za IP zinazotuma. Ukituma kupitia huduma ya kutuma barua kwa wingi na mnashiriki IP na wateja wengine, mwenye kuomba cheti ni huduma hiyo, si wewe. Waulize maswali mawili: je, IP zenu zimethibitishwa, na je, mkataba wenu unakataza orodha za kununua? Wakisitasita kwenye swali la pili, tafuta wengine, kwa sababu jirani mchafu kwenye IP moja atakuchafua hata ukiwa msafi. Mwenye IP zake mwenyewe ndiye anayeomba kwa jina lake.

Ridhaa na ushahidi wake

Sheria ya Ujerumani ya kuzuia ushindani usio wa haki, kifungu cha 7, inataka mpokeaji wa tangazo kwa barua pepe awe ametoa ridhaa ya wazi kabla. Kanuni ya Ulaya ya ulinzi wa data, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, inaongeza kwamba mzigo wa kuthibitisha ridhaa uko kwa anayeitumia. Kwa hiyo "aliwahi kutuandikia" si ushahidi, wala kadi ya biashara iliyookotwa kwenye maonyesho. Tarehe 1 Oktoba 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua katika kesi ya Planet49 kwamba kisanduku kilichokwisha kuwekewa tiki si ridhaa.

Huku kwetu mwelekeo ni huohuo. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, kifungu cha 37, inagusa moja kwa moja matumizi ya taarifa za mtu kwa biashara, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Ukimwandikia Mjerumani ukiwa Unguja, jipime kwa sheria iliyo kali zaidi kati ya zinazokugusa.

Fomu ijengwe hivi. Lazimisha sehemu moja tu, anwani ya barua pepe. Jina liwe hiari. Kisanduku cha ridhaa kiwe tupu na kijitegemee, kisichanganywe na kukubali masharti ya huduma wala kushiriki bahati nasibu. Maneno yake yataje nani anatuma, nini kitatumwa, mara ngapi takriban, na kwamba mtu anaweza kujiondoa wakati wowote. Kwa mfano: "Nakubali Hoteli Mfano initumie kwa barua pepe ofa za malazi na safari, takriban mara mbili kwa mwezi. Naweza kujiondoa wakati wowote kwa kiungo kilicho ndani ya kila barua." Maneno kama "na washirika wetu" yatakukwamisha kwenye ukaguzi, maana mtu hawezi kuridhia asiowajua. Washirika wakiwepo, wataje majina na bidhaa zao.

Kisha tumia uthibitisho wa hatua mbili. Mtu akijaza fomu, asiingie kwenye orodha bado. Anapelekewa barua moja yenye kiungo cha kuthibitisha, na akishathibitisha ndipo anaingia. Barua hiyo isiwe na tangazo lolote, hata picha ya ofa au msimbo wa punguzo, kwa sababu mpaka hapo hujapata ridhaa na tangazo ndani yake linaifanya barua yenyewe kuwa kosa. Kiungo kiwe na tokeni, yaani msimbo wa nasibu, isiyokisiwa, itumike mara moja, iishe muda baada ya siku chache. Asiyethibitisha afutwe; kumkumbusha mara ya pili na ya tatu ni kumsumbua mtu ambaye huenda hata si yeye aliyejaza fomu.

Hapa kuna mtego ambao wengi hawauoni. Programu za usalama za makampuni na vyuo hufungua viungo vyote ndani ya barua ili kuvikagua kabla mwenye barua hajaiona. Kama kufungua kiungo tu kunatosha kuthibitisha, programu itathibitisha badala ya mtu, na ushahidi wako wote unapoteza maana. Kiungo kifungue ukurasa wenye kitufe kimoja cha "Nathibitisha", na uthibitisho urekodiwe pale tu kitufe kinapobonyezwa kwa ombi la POST, yaani ombi la kutuma data, si la kufungua ukurasa tu.

Fomu yenyewe nayo ilindwe. Roboti hujaza maelfu ya fomu kwa anwani ya mtu mmoja ili kukizika kikasha chake, na wewe unageuka chombo cha shambulio. Weka sehemu iliyofichwa ambayo binadamu haioni. Ikijazwa, likatae ombi. Weka pia kikomo cha maombi kwa kila IP.

Kumbukumbu ya kila anwani iwe na mambo haya:

- anwani yenyewe na ukurasa au mahali ilipojazwa;
- tarehe, saa na ukanda wa saa wa ombi la kwanza, pamoja na IP iliyotumika;
- toleo la fomu na maneno kamili ya ridhaa siku hiyo, pamoja na picha ya ukurasa;
- nakala ya barua ya uthibitisho, na tarehe, saa na IP ya kubonyeza kitufe;
- siku ya kujiondoa, ikifika.

Toleo la fomu ndilo husahaulika. Mtu wa masoko anabadilisha sentensi moja, na baada ya miaka miwili mkaguzi anapouliza Bi fulani alikubali nini, kilichobaki ni fomu ya leo. Kila badiliko lipewe namba, na fomu ya zamani ihifadhiwe.

Waliojiandikisha kwa karatasi, mapokezi au kwenye banda la maonyesho, wapitie njia hiyohiyo ya barua ya uthibitisho. Mwandiko hukosewa, na herufi moja ikikosewa unamwandikia mtu baki au anwani ya mtego, ambayo tutaieleza mbele.

Kuna msamaha mmoja kwa wateja katika sheria ya Ujerumani, nao una masharti manne ambayo yote lazima yatimie: anwani uliipata kutoka kwa mteja mwenyewe wakati wa kumuuzia bidhaa au huduma, unatangaza bidhaa zako mwenyewe zinazofanana na hiyo, mteja hajakataa, na alielezwa wazi, siku ya kuchukua anwani na katika kila barua, kwamba anaweza kukataa. Mgeni aliyelala hotelini anaweza kutumiwa ofa ya vyumba. Ofa ya viwanja vya kuuza haimo. Aliyeuliza bei tu bila kununua usimtegemeze kwenye msamaha huu.

Na orodha ya zamani isiyo na ushahidi? Usiitumie yote barua ya "bado unatutaka?", kwani mahakama za Ujerumani zinaweza kuihesabu barua hiyo kuwa tangazo. Tenga wanaoingia kwenye masharti manne ya wateja, nao waandikie. Waliobaki waombe ridhaa mahali wanapokuja wenyewe: kwenye tovuti, kwenye risiti, mapokezi. Usiwaingize kwenye ombi la cheti.

Utambulisho wa seva na kikoa

Tenga kikoa kidogo kwa ajili ya jarida, mfano habari.mfano.example, ili tatizo la jarida lisizamishe barua za ofisi na za uhifadhi wa vyumba. Kila IP iwe na rekodi ya PTR inayoonyesha jina la seva, na jina hilo lirudi kwenye IP ileile. Seva ijitambulishe kwa jina hilohilo inapoanza mazungumzo.

SPF ni orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la kikoa chako. Ni mstari mmoja wa TXT, yaani rekodi ya maandishi kwenye DNS:

v=spf1 ip4:192.0.2.16/29 -all

Iwe rekodi moja tu kwa kila kikoa. Zikiwa mbili, ukaguzi unaleta hitilafu na zote hazifai. Kikomo ni maulizo 10 ya DNS, na kila "include" (inayovuta orodha ya huduma nyingine) huhesabiwa pamoja na zilizo ndani yake. Kampuni zenye huduma tano au sita za nje hupita kikomo bila kujua. Kumbuka SPF hupima anwani ya marejesho, ile ya Return-Path, si ile anayoiona msomaji.

DKIM, sahihi ya kidijitali inayotiwa kwenye kila barua, itumie ufunguo wa biti 2048 na algorithimu ya rsa-sha256. Ufunguo wa urefu huo unazidi herufi 255 za kipande kimoja cha TXT, kwa hiyo ugawe vipande viwili ndani ya rekodi moja. Paneli nyingine za DNS huukata kimyakimya, na sahihi zote zinashindwa. Badilisha ufunguo kila miezi sita: chapisha mpya kwa kichaguzi kipya (jina la ufunguo kwenye DNS), hamisha kutia sahihi, na wa zamani uondoe baada ya wiki moja, barua zilizo njiani zikiisha.

DMARC ni rekodi inayoielekeza seva ya upande wa pili ifanye nini na barua isiyothibitika kwa SPF wala DKIM. Anza hivi:

v=DMARC1; p=none; rua=mailto:dmarc@mfano.example

Soma ripoti kwa wiki kadhaa. Utakuta seva uliyoisahau: programu ya ankara, fomu ya tovuti, mfumo wa mishahara. Zote zikishapatana, panda hadi p=quarantine (iende barua taka), kisha p=reject (ikataliwe). Kupatana maana yake kikoa cha SPF au cha DKIM kilingane na kikoa cha anwani ya "Kutoka". Barua inaweza kufaulu SPF na DKIM zote mbili na bado ikaanguka DMARC, kwa kuwa imetiwa sahihi kwa kikoa cha huduma ya kutuma badala ya chako.

Barua yenyewe

Jina la mtumaji liwe la kweli na anwani iweze kujibiwa. Mada isianze na "Re:" kama hakuna mazungumzo yaliyotangulia. Chini pawe na jina kamili la kampuni, anwani ya mahali ilipo, namba ya usajili na njia ya haraka ya mawasiliano. Wajerumani huita sehemu hiyo Impressum, na wakaguzi huiangalia mapema.

Kujiondoa kuwepo kwa njia mbili: kiungo ndani ya barua kinachoonekana bila kutafutwa, na mistari miwili kwenye kichwa cha barua:

List-Unsubscribe: <https://habari.mfano.example/toka/a8F3k>, <mailto:toka@habari.mfano.example>
List-Unsubscribe-Post: List-Unsubscribe=One-Click

Mstari wa pili unatoka kwenye RFC 8058, waraka wa kanuni za kiufundi za intaneti wa mwaka 2017. Mtu akibonyeza "Jiondoe" ndani ya Gmail, Google hutuma POST kwa anwani hiyo. Seva yako imwondoe papo hapo bila kuomba nywila, bila kuki, bila kumpeleka ukurasa mwingine. Ombi la GET, la kufungua ukurasa tu, kwenye anwani hiyo lisimwondoe mtu, kwa sababu ileile ya programu zinazofungua viungo. Sahihi ya DKIM ifunike mistari yote miwili, la sivyo haihesabiki. CSA inataka pia mstari wa X-CSA-Complaints, ili mtoa huduma ajue malalamiko yapelekwe wapi.

Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanadai SPF, DKIM na DMARC kwa watumaji wakubwa, pamoja na kujiondoa kwa mbofyo mmoja kwa barua za matangazo, na ombi la kujiondoa litekelezwe ndani ya siku mbili. Microsoft nayo ilianza kudai SPF, DKIM na DMARC Mei 2025 kwa vikoa vinavyotuma zaidi ya barua 5,000 kwa siku kwenda Outlook.com. Kwa Google kipimo ni takriban 5,000 ndani ya saa 24 kwenda akaunti binafsi za Gmail. Vikoa vidogo vyote hujumlishwa, na ukifikia mara moja tu unabaki kuhesabiwa mtumaji mkubwa.

Usafi wa orodha

Soma misimbo ya seva, usihesabu tu "zilizorudi". 550 5.1.1 ni kwamba anwani haipo: iondoe siku hiyohiyo. Misimbo inayoanza na 4 ni ya muda, kwa hiyo seva ijaribu tena kwa vipindi vinavyorefuka. 5.2.2 ni kikasha kilichojaa. Kikijirudia kwa wiki kadhaa, kiweke kando. Zile za 5.7.x mara nyingi zinahusu wewe, si mpokeaji: utambulisho umeshindwa, au IP imezuiwa. Mifumo mingi hukosea hapa, hufuta maelfu ya anwani nzuri kwa sababu ya DKIM iliyovunjika usiku mmoja. Weka kanuni kwamba 5.7.x isimame na ipige kengele kwa msimamizi, isifute mtu. Anwani zisizokuwepo zibaki chini ya 1% katika kila utumaji. Zikizidi, tafuta chanzo kilichoziingiza.

Kwa malalamiko, Google inataka ubaki chini ya 0.1% na usifike 0.3%. Katika barua 5,000 hiyo ni watu watano, na kumi na tano. Fuatilia kwenye Postmaster Tools, chombo cha Google cha takwimu hizo. Jiandikishe kwenye mfumo wa Yahoo wa kurudisha malalamiko, unaofuata kikoa cha DKIM, na mfumo kama huo wa Microsoft uitwao JMRP, unaofuata IP. Kila anayelalamika aondolewe moja kwa moja. Usimwandikie kumuuliza kwa nini.

Anwani za mitego ni za aina mbili: ambazo hazikuwahi kuwa za mtu, zilizotawanywa kwenye kurasa ili zinase wakusanyaji, na zilizoachwa na wenyewe zikafufuliwa baadaye na mtoa huduma. Ya kwanza ikionekana kwenye orodha yako, mtu aliinunua au aliikwangua mahali. Ya pili inaonyesha hujawahi kuondoa waliolala. Weka kikomo, tuseme miezi 12 bila mbofyo, ununuzi wala kuingia kwenye akaunti. Usitegemee kufunguliwa kwa barua: tangu Septemba 2021 programu ya Mail ya Apple hupakua picha yenyewe, na barua huonekana imefunguliwa hata kama haikuguswa.

IP mpya izoeshwe taratibu. Anza na mia chache kwa siku, kwa waliobofya karibuni zaidi, kisha ongeza maradufu kila siku moja au mbili maadamu malalamiko na misimbo ya 4xx haipandi. Ikipanda, rudi kiwango cha juzi, usubiri.

Kuomba, na kinachofuata

Fungasha kabla ya kujaza fomu ya maombi: hati ya usajili wa kampuni, orodha ya IP na PTR zake, vikoa vyote vya kutuma, barua za mfano zikiwa na vichwa vyake kamili, picha za fomu, maneno ya ridhaa, rekodi chache za ridhaa zilizofichwa majina, sera ya faragha, na jina la anayeshughulikia malalamiko pamoja na namba inayopokelewa. Sanduku za abuse@ na postmaster@ ziwepo kwenye kila kikoa na zisomwe na binadamu. Kama wewe ni huduma inayotuma barua kwa niaba ya wateja, weka mkataba wenye kifungu kinachokataza orodha za kununua na kukuruhusu kumsimamisha mteja mara moja. Ukaguzi una upande wa sheria na upande wa ufundi, na uamuzi hutolewa na kamati.

Wanaokwama hukwama kwa mambo madogo: fomu ya simu ya mkononi iliyosahaulika ikiwa bado na tiki, tovuti ya zamani inayokusanya anwani bila uthibitisho, kujiondoa kunakofanya kazi kwa Kiingereza lakini si kwa Kijerumani. Jiandikishe mwenyewe kupitia kila mlango ulionao, kwa simu na kwa kompyuta, ujiondoe kila njia, na uangalie kumbukumbu zilizobaki.

Cheti kikishatoka, ufuatiliaji unaendelea. Malalamiko yakija, tafuta rekodi ya anwani, ujibu siku ya kazi inayofuata ukiwa na tarehe, saa, IP na maneno ya ridhaa. Huna rekodi? Sema hivyo, ondoa anwani, na ondoa pia wote walioingia kwa chanzo kilekile mpaka ujue tatizo lilipo. Kukaa kimya huleta onyo, kisha kusimamishwa.

Na siku mtakapohama huduma ya kutuma, orodha ya waliojiondoa na waliolalamika ndiyo itangulie kuingizwa kwenye mfumo mpya, ifanyiwe jaribio, ndipo iingie orodha ya wapokeaji. Wengi hufanya kinyume, na ndani ya saa chache za utumaji wa kwanza watu waliokwisha kuondoka wanapata barua tena.